Ubishi wa Mpira Tanga Wahitaji Kipimo

Mjini Tanga mpira wa miguu hauishi filimbi ya mwisho inapopulizwa. Watu wakitoka Uwanja wa Mkwakwani huuchukua mchezo hadi kwenye baraza za Ngamiani na Makorora, na huko, juu ya kahawa chungu na kashata, huchezwa upya kwa maneno mpaka usiku. Mji huu una haki ya kuwa na mabingwa wa ubishi. Una klabu mbili kongwe: African Sports, ambao ni Wana Kimanumanu, na Coastal Union, Wagosi wa Kaya, waliotwaa ubingwa wa ligi ya nchi mwaka 1988. Aghalabu nyumba moja huwa na mashabiki wa pande zote mbili, na hapo hata chakula cha jioni huliwa kwa mabishano.

Katika mabishano hayo mambo mawili hurudi kila mara, nayo yote humhusu mshambuliaji wa kati. La kwanza ni kimo chake. Wako wanaoshikilia kwamba namba tisa mfupi ni hasara kwa timu, kwa kuwa mbele ya mabeki warefu kila kona na kila mpira wa juu ni wa adui. Wengine huwajibu kwa kuwataja wafupi waliowahi kufunga kwa kichwa, na orodha hiyo haina mwisho. La pili ni kujituma. Mshambuliaji asimamaye katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akingoja aletewe mpira, huitwa mvivu. Watetezi wake husema kuwa kazi aliyopewa ni kufunga, na kuwafukuza mabeki ni kazi ya wengine. Ubishi huu si wa Tanga peke yake. Huko Australia kuna mchezo wao wa kandanda, wenye wachezaji 18 kila upande na mpira wenye umbo la yai. Mwamuzi huurusha mpira juu, na watu wawili warefu kuliko wenzao, aghalabu wa kimo cha karibu mita 2, huruka kuugombania. Mashabiki wa huko nao hubishana bila kuchoka kama mtu huyo mrefu ana faida inayolingana na nafasi anayoichukua, na kama washambuliaji wao hukimbia vya kutosha pale mpira unapopotea.

Ubishi kama huo ni jambo jema. Mtu aliyetazama mchezo kwa dakika 90, akaeleza alichokiona, kisha akapingwa na mwingine aliyeona kinyume, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mwanasayansi. Nusu iliyobaki ndiyo inayokosekana barazani: kukubaliana, kabla ya mchezo kuanza, ni kitu gani kitakachohesabiwa na kwa namna gani. Pasipo mapatano hayo kila mmoja huhesabu yale yanayomfaa, na mwenye sauti kubwa ndiye hushinda.

Kama hukumu za barazani zingeishia barazani, hapangekuwa na haja ya kuziandikia. Lakini huvuka na kuingia katika viwanja vya shule. Mwalimu wa michezo anayeteua timu ya UMISSETA huwa na alasiri moja au mbili, na mbele yake watoto 40 au zaidi. Huwatazama, akawatenga walio warefu kwa ajili ya nafasi za kati, na akamwondoa yule aliyeonekana kusimama. Kijana hupoteza nafasi yake kwa hukumu mbili ambazo hazikupimwa, na hii ya pili, kama itakavyoonekana, yaweza kumgharimu zaidi ya nafasi.

Kimo ni jambo rahisi zaidi, na fizikia ya sekondari yatosha kulieleza. Mtu akiruka, huondoka ardhini na kasi fulani ya kwenda juu, na tangu hapo mvutano wa dunia humpunguzia kasi hiyo kwa kiasi kile kile, awe mrefu au mfupi, mzito au mwepesi. Anayejiinua sentimita 30 hukaa hewani kwa karibu nusu sekunde. Anayejiinua sentimita 50 hukaa sekunde 0.64 hivi. Nusu kamili ya muda huo huupitisha katika robo ya juu ya mruko wake, kwa sababu huko kasi yake ni ndogo. Ndiyo maana watazamaji huapa kwamba mchezaji fulani hujua kuning'inia angani. Hakuna aningʼiniaye. Wote hufuata hesabu moja.

Sasa wachukuliwe wachezaji wawili, mmoja wa sentimita 180 na mwingine wa sentimita 168, wote wakiwa na uwezo wa kujiinua sentimita 40. Kilele cha kichwa cha mrefu kitafika sentimita 220, na cha mfupi sentimita 208. Mambo mengine yote yakiwa sawa mrefu hushinda, na wanaotetea urefu hawakukosea hapo. Tabu ni kwamba mambo mengine hayawi sawa. Mpira wa kona hauwasubiri. Mrefu akikosea wakati kwa sehemu moja ya tano ya sekunde, akafika kileleni mapema au akachelewa, basi mpira unapopita yeye huwa chini ya kilele chake kwa sentimita 20 hivi. Kichwa chake kiko sentimita 200, na mfupi aliyeruka kwa wakati yuko juu yake kwa sentimita 8. Kosa la nusu ya muda huo, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde, lingempotezea sentimita 5 tu, kwa kuwa hasara huongezeka kwa mraba wa muda. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuyahakiki haya kwa kanuni ya mwendo wa vitu viangukavyo, akakuta kwamba katika sehemu hiyo moja ya tano ya sekunde mpira wenye kasi ya mita 15 kwa sekunde umekwisha kusafiri mita 3. Kuukadiria mwendo huo wa mita 3 ni kazi ya macho na mazoezi. Urefu wa mifupa hausaidii chochote.

Zaidi ya hayo, kimo cha kijana wa sekondari ni kipimo cha siku moja. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote wakiwa na umri wa miaka 14 hivi, na wasichana wakiwa na miaka 12 hivi, lakini tofauti kati ya mtoto na mtoto yaweza kuwa ya miaka miwili au zaidi. Katika kidato cha pili hukaa dawati moja kijana aliyekaribia kumaliza kukua na mwingine ambaye hajaanza kurefuka. Mwalimu amchaguaye wa kwanza na kumwacha wa pili amechagua tarehe ya kubalehe, kisha akaiita kipaji. Yule wa pili, akishanyimwa mazoezi kwa miaka mitatu, hata akija kumpita mwenzake kwa kimo hawezi tena kumfikia kwa ufundi.

Barazani hutolewa pia hoja ya takwimu, nayo yafaa iangaliwe kwa makini kwa sababu iliwahi kuwapotosha hata watu wenye kalamu na karatasi. Mwingereza mmoja, Charles Reep, mhasibu katika jeshi la anga, alianza mwaka 1950 kuandika kila pasi ya michezo aliyoitazama, akaendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1968 yeye na Bernard Benjamin walichapisha matokeo yao katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Uingereza. Ilionekana kwamba karibu mabao 8 kati ya 10 yalipatikana baada ya pasi 3 au pungufu. Kutokana na hesabu hiyo ikajengwa imani kwamba mpira upigwe mbele haraka, juu na mbali, kwa mtu mrefu. Kilichosahauliwa ni kwamba zaidi ya mashambulizi 9 kati ya 10 yalikuwa ya pasi 3 au pungufu. Mashambulizi mafupi yalizaa mabao mengi kwa kuwa yenyewe yalikuwa mengi, na kwa kweli mabao yake yalikuwa pungufu ya yale ambayo wingi wake ungeyastahili. Ni sawa na mtu anayehesabu samaki pale Deep Sea, akakuta wengi wameletwa na ngalawa, akahitimisha kwamba ngalawa huvua kuliko jahazi, bila kuuliza ni ngalawa ngapi zilizokwenda baharini na jahazi ngapi. Reep alihesabu kwa uaminifu wa ajabu. Kosa lilikuwa katika kugawanya.

Shauri la kujituma ni gumu zaidi, maana hapa hata kuhesabu kwenyewe hakujaanza. Jicho la mtazamaji hufuata mpira. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Uingereza, Thomas Reilly na V. Thomas, walifanya kinyume: walimfuata mchezaji mmoja mmoja wa klabu ya daraja la kwanza, wakatangaza kila hatua yake kwenye kinasa sauti, awe anatembea, anakwenda mwendo wa pole au anakimbia kwa nguvu zote. Walipata kwamba mchezaji alikwenda wastani wa karibu kilomita 8.7 katika mchezo mmoja, viungo wakiwa juu ya wenzao wote. Chini ya asilimia 2 ya mwendo huo ndiyo iliyofanywa na mpira mguuni. Kamera za siku hizi huonyesha wachezaji wa ligi kubwa wakienda kilomita 10 hadi 12, lakini habari ile ya asilimia chache tu za kuwa na mpira imebaki vile vile. Kwa hiyo shabiki afuataye mpira humwona mshambuliaji kwa vipande vidogo vidogo, na kwa vipande hivyo hutoa hukumu juu ya kazi ya dakika 90. Tena kusimama nako kwaweza kuwa kazi. Mshambuliaji anayekaa kati ya mabeki wawili huwafunga wote wawili wasiende kusaidia mashambulizi, na kwa hesabu ya kilomita huonekana amelala.

Hapa ndipo joto la pwani linapoingia, na hapa mashabiki wa Tanga wana mengi ya kujifunza kuliko wale wa nchi za baridi. Misuli ya binadamu si mashine nzuri sana. Katika nishati inayoitumia, takribani robo hugeuka kuwa kazi, na robo tatu huwa joto ambalo halina budi kutolewa mwilini. Kijana wa kilo 60 anayekimbia kilomita 10 hutumia karibu kilokalori 600. Kiasi cha 450 ni joto. Jasho ndilo linalolitoa, lakini kwa sharti moja: likauke juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka huondoka na karibu kilokalori 580. Lita moja ikidondoka ardhini huondoka bila kuchukua kitu. Kwa hesabu hiyo kijana huyo angehitaji kukausha lita 0.8 hivi za jasho. Lakini katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, joto la mchana la Tanga hupita nyuzi 30 za Sentigredi, na hewa itokayo baharini imejaa unyevu tayari, haina nafasi ya kupokea mvuke mwingi zaidi. Ikiwa nusu ya jasho lake itadondoka, kijana atatoa lita 1.6 ili apate baridi ile ile. Asipopewa maji ya kunywa, damu hupungua ujazo, moyo hupiga mbio zaidi, na kiwango cha joto ndani ya mwili hupanda.

Mwili una namna yake ya kujikinga na hatari hiyo, nayo ni kupunguza mwendo. Yule namba tisa aliyeweka mikono kiunoni katika dakika ya 65 huenda ni mvivu. Huenda pia ubongo wake umekwisha kusoma kipimo ambacho kocha hakioni. Kumpigia kelele aongeze bidii ni kumtaka auvunje ulinzi huo, na walio hodari na watiifu, ambao hawataki kuitwa wavivu, ndio huweza kuuvunja. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40, na kijana akaanza kuyumba, kusema maneno yasiyopangika au kuzimia, hapo pana hatari ya kifo. Apelekwe kivulini mara moja, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mengi na kupepewa, na gari itafutwe wakati kazi hiyo inaendelea. Wako walimu wa michezo, tena wema, ambao bado huwakataza wanafunzi kunywa maji wakati wa mazoezi wakidhani kuwa maji humfanya mtu awe mzito. Desturi hiyo haina msingi wowote katika elimu ya mwili, na yafaa ikomeshwe. Katika mwezi wa Ramadhani, ambapo vijana wengi wa pwani hufunga, kocha mwenye busara huyasogeza mazoezi baada ya futari au huyafanya kuwa mepesi.

Mkoa wenyewe wa Tanga ni kama maabara kwa jambo hili. Kijana aliyekulia Lushoto, katika ubaridi wa milima ya Usambara, huteremka kwa basi asubuhi na kushindana mjini alasiri ya siku hiyo hiyo au kesho yake. Mwili uliozoea joto hutoka jasho mapema na kwa wingi, na jasho hilo huwa na chumvi kidogo. Mazoea hayo hujengeka kwa siku 7 hadi 14 za mazoezi katika joto lenyewe. Mtoto wa Makorora anayo tangu utotoni. Yule wa Lushoto hana, na katika kipindi cha pili atatembea. Mashabiki watasema watu wa milimani hawana pumzi, wakati huko kwao hupanda miteremko ambayo mtu wa pwani angeikaa kitako nusu ya njia.

Mambo haya yote yaweza kupimwa shuleni bila vyombo vya gharama. Kwa mruko, mwanafunzi hushika chaki, akasimama kando ya ukuta na kuweka alama juu kadiri mkono unavyofika, kisha akaruka na kuweka alama ya pili; tofauti ya alama mbili ndiyo uwezo wake. Ni jambo la kufurahisha kuona jinsi orodha ya darasa kwa kimo isivyofanana na orodha ya darasa kwa mruko. Kwa kujituma, kila mwanafunzi akabidhiwe mchezaji mmoja amtazame kwa dakika 5, asiangalie mpira hata bao likifungwa (hili ndilo sharti gumu kuliko yote), na kila baada ya sekunde 5 aandike alama moja: amesimama, anatembea, anakimbia pole, anakimbia kwa nguvu. Dakika 5 huleta alama 60. Wanafunzi wawili wamtazame mchezaji yule yule bila kusemezana, kisha walinganishe karatasi zao. Zikitofautiana sana, wamejifunza jambo juu ya macho yao kabla ya kujifunza lolote juu ya mchezaji. Mwalimu mwenye simu yenye kamera aweza kurekodi mruko mmoja na kuhesabu picha tangu miguu inapoacha ardhi mpaka inapotua. Kwa picha 30 za kila sekunde, mruko wa sentimita 50 utachukua picha 19 hivi.

Kwa joto, vipimajoto viwili vya maabara vyatosha. Kimoja kiachwe kikavu, cha pili tumba lake livishwe kitambaa cha pamba kilicholowa, kisha vyote vipepewe kivulini. Kadiri namba mbili zinavyokaribiana ndivyo hewa inavyokataa kukausha jasho. Mizani nayo ina kazi: mchezaji apimwe kabla na baada ya mchezo, nguo zikiwa chache na kavu, na kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji iliyomtoka bila kurudishwa. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 1.2 kwa kijana wa kilo 60, amecheza akiwa na upungufu wa kutosha kumpunguzia nguvu.

Iko hoja ya kupinga, nayo ni ya kweli: kocha hana muda wa vipimajoto, na mpira ni furaha, haufai kugeuzwa hesabu za darasani. Lakini mpira wenyewe umekwisha kuyakubali haya pale ulipoona hatari. Tarehe 29 Juni 2014, katika Kombe la Dunia huko Fortaleza, mji wa pwani nchini Brazil, mchezo kati ya Uholanzi na Meksiko ulisimamishwa katika kila kipindi ili wachezaji wanywe maji, na sababu ilikuwa kipimo cha joto na unyevu kilichosomwa kando ya uwanja. Hao walikuwa watu wazima wanaolipwa, wenye madaktari nyuma yao. Mashindano ya shule za sekondari aghalabu huwa na ndoo moja ya maji, na mara nyingine ndoo hiyo iko upande wa pili wa uwanja.

Mwalimu wa michezo asiye na nafasi ya lolote jingine aweza kuanza kwa kuisogeza ndoo hiyo, na kuupanga mchezo uanze saa kumi na nusu badala ya saa nane. Kisha wanafunzi wa kidato cha tatu, wenye karatasi za alama 60, wakae mstari wa kwanza pale Mkwakwani mwezi Februari, na tena mwezi Julai wakati wa kusi, wamfuate mshambuliaji yule yule. Kama mbio zake za dakika 15 za mwisho ni pungufu Februari kuliko Julai, na pungufu hiyo inaonekana kwa mabeki pia, basi baraza za Ngamiani zitakuwa zimepata jambo jipya la kubishania.